Je, Wajua Mvua ya Unguja Iliwahi Kuulizwa Habari za India?

Je, wajua kwamba zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mvua ya Zanzibar ya mwezi Mei ilikuwa ikisomwa kwa makini na watu walioketi Simla, kwenye vilima vya kaskazini mwa India?

Mwaka 1904 Mwingereza Gilbert Walker alishika uongozi wa idara ya hali ya hewa ya India. Hakuwa mtu wa mawingu. Alikuwa mwanahisabati wa Cambridge, mpenda filimbi, na hodari wa kurusha bumerangi hata akapachikwa jina la "Boomerang Walker". Kazi aliyorithi haikuwa ya kuchekesha. Mvua za monsuni zilikuwa zimekosa mwaka 1877, zikakosa tena 1899, watu wakafa kwa mamilioni, na serikali ya kikoloni ilitaka kuambiwa mapema mwaka upi utakuwa wa njaa.

Kwa nini mvua hukosa, Walker hakujua, naye akaona si lazima ajue kwanza. Aliwakabidhi makarani wake wa Kihindi madaftari ya takwimu kutoka kila pembe: theluji ya Himalaya, mgandamizo wa hewa wa Mauritius na wa Amerika Kusini, na mvua ya Zanzibar. Wakakokotoa kwa mkono, mwaka hadi mwaka, kipi huenda na kipi. Mvua ikizidi huku kwetu mwezi Mei, kule ilihesabiwa kuwa dalili mbaya kwa mkulima. Huenda mkulima wa karafuu wa Unguja aliyekuwa akishukuru kwa tope la shambani hakuwa na habari kwamba kuna mtu ng'ambo ya bahari anayeguna kwa sababu ya tope hilohilo.

Utabiri wake wenyewe haukufika mbali. Lakini kutokana na madaftari hayo, mwaka 1924 Walker alitoa jina kwa kitu alichokiona kwenye namba tu: hewa ikilemea upande wa mashariki wa Pasifiki, hupungua uzito upande wa Indonesia na Bahari ya Hindi, kisha mambo hugeuka, kama watoto wawili kwenye ubao wa bembea. Akakiita Mbembeo wa Kusini. Wengi walimtilia shaka. Ilibidi kusubiri hadi 1969, Jacob Bjerknes wa California alipoonyesha kwamba mbembeo huo wa hewani na joto la ajabu linaloonekana pwani ya Peru ni kitu kimoja.

Joto hilo la Peru ndilo El Niño. Jina walilitoa wavuvi wa kule, kwa Kihispania, maana yake "Mtoto", yaani Mtoto Yesu, kwa kuwa maji ya moto yalikuwa yakiwafikia karibu na Krismasi na kuwafukuzia samaki.

Na hapa pana jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki tumelipindua. Je, wajua kwamba El Niño si mvua? Muulize mtu wa Garissa au wa Dar es Salaam aliyekuwa na akili zake mwaka 1997: atakwambia El Niño ni yale mafuriko yaliyokata barabara na kusomba madaraja kuanzia Oktoba hadi mapema 1998. Tangu hapo kila mvua inayonyesha siku tatu mfululizo tunaibatiza jina hilo, na matatu nyingi zimetembea zimeliandika ubavuni. Ila El Niño inakaa Pasifiki, zaidi ya kilomita elfu kumi kutoka Mombasa. Inachofanya kwetu ni kuisukuma bahati upande mmoja. Kwa kawaida huongeza uwezekano wa vuli nono huku kaskazini mwa Tanzania, Kenya na Somalia, na wakati huohuo huongeza uwezekano wa ukame Zimbabwe na Zambia. Wakati barabara za Nairobi zinageuka mito, mahindi ya Choma, Zambia, yanaweza kuwa yananyauka. Tanzania imekaa katikati ya mizani hiyo, ndiyo maana mtaalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hawezi kutoa jibu moja la nchi nzima: mikoa ya vuli na masika ina hadithi yake, mikoa ya msimu mmoja wa Novemba hadi Aprili ina hadithi yake.

Kuchanganya mvua na jina lake kuna gharama. Katikati ya 2023 wanasayansi walitangaza kwamba El Niño imeanza. Agosti, jukwaa la watabiri wa kanda likasema uwezekano wa vuli nzito ni mkubwa. Oktoba, Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba, kwa mujibu wa wataalamu, El Niño haitakuwapo tena na mvua haitafikia kiwango cha kuleta maafa. Maji yakaja. Zaidi ya watu mia moja walikufa Kenya, na Desemba 3 mlima Hanang ulimimina tope juu ya Katesh, mkoani Manyara. Nikisikia mabishano ya siku zile, kama "ipo" au "haipo", huwa najiuliza tulikuwa tunabishania nini. Baharini ilikuwapo tayari. Swali lilikuwa la bahati: imelemea wapi, na kwa kiasi gani.

Je, wajua pia kwamba Bahari ya Hindi ina bembea yake yenyewe, na kwamba sayansi iliipa jina mwaka 1999 tu? Mhindi N. H. Saji na wenzake, akiwamo Toshio Yamagata wa Japani, walieleza hivi. Kwa kawaida maji ya moto hulundikana upande wa Indonesia. Hewa hupanda huko, mvua hunyesha huko, na upande wetu hewa hushuka, mbingu zikabaki nyeupe. Miaka mingine upepo wa mashariki huzidi nguvu, maji ya Sumatra yakapoa, na joto likasogea kwetu. Hapo vuli hufurika, na Indonesia na Australia hukauka. Wanaiita Daipoli ya Bahari ya Hindi. Ni jina baya kwa kitu kizuri kukijua.

Kizuri, kwa sababu kinafumbua vitendawili viwili. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote zilizopimwa. Watu walijiandaa kwa 1997 nyingine, mvua ikaja lakini si ile, na watabiri wakachekwa vijiweni. Mwaka 2019 hali ikawa kinyume: Pasifiki ilikuwa karibu imetulia, lakini mlima ulibomoka Pokot Magharibi mwezi Novemba na Ziwa Victoria likaanza kupanda. Tofauti ilikuwa upande huu wa bahari. Daipoli ya 2019 ilikuwa kali mno, na msitu ulioungua Australia miezi hiyohiyo na mafuriko yetu ni pande mbili za sarafu moja.

Kuhusu Ziwa Victoria, wengi hudhani linalishwa na mito. Sehemu kubwa ya maji yake, kama asilimia 80, hudondoka kutoka juu moja kwa moja. Kwa hiyo ziwa ni kipimamvua chenye ukubwa wa nchi. Vuli ya 1961, ile Tanganyika iliyopata uhuru wake ndani yake, ilinyesha hadi ziwa likaanza kupanda, na kufikia 1964 lilikuwa limeinuka zaidi ya mita mbili. Halikurudi chini haraka. Wazee wa ufukweni walioambiwa wahame hawakuambiwa kwamba chanzo ni maji ya Sumatra kupoa, na hakuna aliyekuwa akijua.

Mwaka huohuo wa 1961, kule Massachusetts, Edward Lorenz alikuwa akiichezesha hali ya hewa kwenye kompyuta. Ili kuokoa muda aliingiza 0.506 badala ya 0.506127. Baada ya kitambo, hali ya hewa ya bandia ikawa tofauti kabisa na ya mwanzo. Kutokana na mkasa huo tunajua kwamba utabiri wa siku kwa siku huchakaa ndani ya wiki mbili hivi, hata ukiwa na mashine kubwa kiasi gani.

Basi mtu anathubutuje kutabiri miezi mitatu? Kwa sababu habahatishi siku. Hewa ni kigeugeu, lakini bahari ni mzee mzito: mita tatu hivi za juu tu za maji yake zinabeba joto sawa na hewa yote iliyo juu yake. Bahari ikishapata joto Agosti, Novemba bado inalo, na hewa haina budi kuifuata. Mtabiri wa msimu hakwambii kwamba tarehe 14 itanyesha Kahama. Anakwambia msimu mzima utaegemea wapi.

Na lugha yake ni ya mafungu matatu. Chukua vuli thelathini zilizopita, zipange kutoka kavu hadi nyevu, uzigawe mafungu matatu sawa: chini ya wastani, wastani, juu ya wastani. Bila kujua lolote, kila fungu lina asilimia 33. Sasa mtabiri anasema 20, 30, 50. Maana yake si kwamba itanyesha sana. Maana yake, katika miaka kumi ya namna hii, mitano itakuwa ya mvua nyingi na miwili ya ukavu. Mkulima akipanda mpunga bondeni mwaka ule mkavu, mmoja kati ya mitano, atasema walidanganya. Wala simlaumu, kwani redioni alisikia "mvua za juu ya wastani" bila namba hata moja.

Mafungu hayo hutangazwa mara tatu kwa mwaka na jukwaa la nchi kumi na moja, kutoka Sudan hadi Tanzania na kutoka Rwanda hadi Somalia, likiongozwa na ICPAC, kituo cha tabianchi cha jumuiya ya kikanda ya IGAD kilichoko Ngong karibu na Nairobi. Kilizaliwa 1989 kama kituo cha kufuatilia ukame. Jukwaa la kwanza la kanda yetu lilikaa Februari 1998, maji ya 1997 yakiwa bado hayajakauka, miezi michache baada ya ndugu zetu wa kusini kukutana Kadoma, Zimbabwe. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa watabiri wa nchi zote kujifungia chumbani na kubishania mistari kwenye ramani hadi wakubaliane. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kasoro ambayo mswahili yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha harusi angeitambua: watu wakiona haya kuvutana, wanaangukia katikati. Fungu la "wastani" lilikuwa likipewa asilimia nyingi kuliko stahili yake. Siku hizi mifano ya kompyuta ndiyo inayohesabu kwanza, na mabishano yanakuja baadaye.

Je, wajua kwamba joto la bahari linaweza kukwambia habari za mavuno vizuri kuliko habari za mvua yenyewe? Mwaka 1994 Mark Cane na wenzake walilinganisha mavuno ya mahindi ya Zimbabwe na joto la maji ya Pasifiki mashariki. Joto hilo la mbali lilieleza zaidi ya asilimia 60 ya kupanda na kushuka kwa mavuno, na uhusiano wake na mavuno ulikuwa wa nguvu kuliko uhusiano wake na mvua ya Zimbabwe yenyewe.

Mbu nao wamo. Kuna mbu wa jamii ya Aedes anayetaga mayai pembeni mwa mabwawa ya msimu huko Garissa na kwingineko. Mayai hukaa kwenye udongo mkavu kwa miaka, mengine yakiwa tayari na virusi vya homa ya Bonde la Ufa. Mafuriko yakija, yanaanguliwa yote kwa mpigo. Ndivyo ilivyotokea 1997: mifugo ikatoa mimba ovyo, watu kwa mamia wakafa Kenya na Somalia, na nchi za Ghuba zikafunga milango kwa mbuzi na ngamia wa Pembe ya Afrika. Baada ya hapo watafiti walionyesha kwamba ukiunganisha joto la bahari zote mbili na picha za setilaiti za ukijani wa nyika, unaweza kuujua mlipuko miezi kadhaa kabla. Mwishoni mwa 2006 Assaf Anyamba na wenzake wa NASA walitoa tahadhari, na wiki kadhaa baadaye wagonjwa wakaanza kuonekana Garissa. Tahadhari ilifika, chanjo za mifugo zikachelewa.

Nzige waliotuvamia Afrika Mashariki 2020 pia walianzia kwenye hali ya hewa. Mei 2018 kimbunga Mekunu kilipiga Salalah, Oman, kikamwaga maji katika jangwa la Rub' al Khali. Oktoba kikafuata Luban. Mchanga uliokuwa haujaona maji kwa miaka ukaota majani, nzige wakazaliana kizazi juu ya kizazi mahali ambapo hapakuwa na wa kuwaona.

Mpaka hapa nimeringia vuli. Masika ni habari nyingine. Je, wajua kwamba mvua ndefu, zile zinazojaza ghala, ndizo ngumu zaidi kutabiri? Machi hadi Mei, Pasifiki huwa inabadili mkondo wake na mkono wake kwetu unalegea. Machi, Aprili na Mei hazifanani hata kidogo, kila mwezi na bwana wake. Mmojawapo wa mabwana hao ni wimbi la mawingu linalozunguka ikweta kutoka magharibi kwenda mashariki kila siku 30 hadi 60, lililogunduliwa na Roland Madden na Paul Julian mwaka 1971 walipokuwa wakikagua vipimo vya kisiwa kidogo cha Pasifiki. Likipita Bahari ya Hindi, huku kwetu mvua huamka. Likienda zake, tunaweza kupata wiki mbili za jua mahindi yakiwa yameota vidole viwili.

Bwana mwingine ni vimbunga vya Madagaska. Kimbunga kikikaa mashariki mwa kisiwa hicho, huweza kuvuta upepo wa magharibi, na upepo huo huja na unyevu wa misitu ya Kongo hadi Kenya. Masika ya 2018 yalifurika hivyo. Mwaka uliofuata Idai ikakaa upande wa pili, kwenye Mlango wa Msumbiji, na masika yetu yakachelewa. Kimbunga kilekile kilichoizamisha Beira kiliwaacha wakulima wa bara wakitazama juu.

Ikweta yenyewe haina usawa. Kisangani hupata zaidi ya milimita 1,600 za mvua kwa mwaka. Wajir, karibu latitudo ileile, hupata kama 300. Sehemu ya jibu iko kwenye upenyo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ambamo upepo hubanwa ukakimbia kasi, ukibeba unyevu wa bahari na kuupitisha bila kuudondosha. Mkenya J. H. Kinuthia na G. C. Asnani waliueleza mwaka 1982. Leo upepo huohuo unazungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani, megawati 310. Unawasha taa za Nairobi na kuwanyima Waturkana mvua.

Upepo wa kusi nao ni mbio za namna hiyo. John Findlater aliufuatilia angani juu ya Kenya miaka ya 1960 na kukuta mto wa hewa unaovuka ikweta pwani yetu, ukapinda Somalia, kisha ukaelekea Bara Hindi na mvua za monsuni. Manahodha wa majahazi walikuwa wakiuegemea karne nyingi kabla. Kwa hesabu ya Nairuzi, mwaka wa jua unaoanzia Mwaka Kogwa huko Makunduchi, walihesabu siku kwa makumi, wakajua kumi lipi la kutweka tanga na lipi la kukaa bandarini.

Waliotaka kuupima kwa maboya walipata shida ya aina yake. Mtandao wa maboya ya Bahari ya Hindi ulianza 2004, lakini upande wa kaskazini-magharibi, unaotuhusu zaidi, ulibaki na pengo kwa miaka kwa sababu ya maharamia wa Somalia. Bahati nzuri kuna daftari ambalo haramia haibi. Matumbawe ya Malindi hukua tabaka kwa tabaka, na kila tabaka linahifadhi dalili ya joto la maji. Mwaka 2000 Julia Cole, Nyawira Muthiga na wenzao walisoma miaka 194 kwenye jiwe moja la tumbawe, wakakuta Pasifiki imekuwa ikiipulizia Malindi tangu kabla ya Seyyid Said kuhamia Unguja.

Kuna swali ambalo tumbawe halijalijibu. Mifano mingi ya kompyuta inasema dunia ikizidi joto, Afrika Mashariki itapata mvua zaidi. Vipimo vya ardhini vilionyesha masika yakipungua kuanzia miaka ya 1980. Wataalamu wanakiita kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki. Kisha, kuanzia mwishoni mwa 2020, ikaja misimu mitano mfululizo ya mvua haba Kenya, Somalia na Ethiopia, La Niña, kinyume cha El Niño, ikijirudia miaka mitatu mfululizo. Msimu wa tano, vuli ya 2022, ulitangazwa mapema, mwezi Agosti, kuwa mkavu, na ukawa mkavu. Watabiri walipatia. Ng'ombe walikufa hata hivyo.

Na huko Vihiga, magharibi mwa Kenya, ukoo wa Nganyi wa Wanyore umekuwa ukitabiri mvua kwa vizazi: miti gani imepukutika katika msitu wao mtakatifu, siafu wanatembea upande gani, vyura wanalia lini. Wakati wa ukoloni kazi hiyo ilifanywa kwa kujificha. Tangu takriban 2008 wazee hao hukaa meza moja na wataalamu wa idara ya hali ya hewa na wa ICPAC kabla ya msimu. Wazee wanaleta ya miti, wataalamu wanaleta ya bahari, na wakishaelewana tangazo linakwenda kwenye redio ya kijiji, kwa Kinyore, kabla ya watu kununua mbegu.